Mazuku: neno lililotoka kwenye mashimo ya Mugunga

Katika mabonde madogo ya lava huko Mugunga, upande wa magharibi wa mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, gesi ya kaboni dayoksaidi hupenya nyufa za mawe na kutuama karibu na ardhi. Ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya hewa ya kawaida, haina rangi, na alfajiri isiyo na upepo hujaa shimoni kama maji. Mbuzi anayeinamisha kichwa kula majani huanguka papo hapo. Mtu anayeshuka kumwokoa huweza kumfuata. Wenyeji huiita mazuku, upepo mbaya. Wataalamu wa volkano walipofika kuipima walilichukua jina hilo, na sasa limo katika maandishi yao ya Kifaransa na Kiingereza.

Msomaji wa pwani atakumbuka mzuka, pepo atokeaye ghafla, jina litokanalo na kitenzi kuzuka. Katika Kinyarwanda, kuzuka ni kufufuka. Undugu wa maneno haya ni rahisi kuukubali, kwa kuwa mazuku nayo huibuka kutoka chini bila kuonekana ikija. Jina Mugunga linataka tahadhari zaidi: linafanana na mgunga, mti wa miiba, lakini kufanana kwa sauti peke yake si ushahidi wa asili.

Mu- kama hiyo ya Mugunga ni alama pia ya Kiswahili cha Kivu, eneo la Goma, kinachosema mutu na mutoto pasipo kuimeza irabu. Hapo hapo fedha huwa feza, dhahabu ikawa zahabu. Kifaransa cha enzi ya Wabelgiji nacho kiliacha tahajia yake: ch iliandikwa tsh, kama katika Rutshuru, na chukudu, baiskeli ya mbao ya Goma, ikawa tshukudu. Mlima mmoja umeandikwa Nyamuragira, Nyamulagira, hata Nyamlagira.

Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, na kambi ya Mugunga ikadumu hadi Novemba 1996. Kwao, wasemaji wa Kinyarwanda, mazuku halikuwa neno gumu kutamka: silabi tatu, kila moja ikiishia kwa irabu. Ugumu uko kwa Mfaransa, ambaye u yake hutamkwa kwa midomo ya u na ulimi wa i. Baadhi ya waandishi wa Kiingereza huongeza s na kupata mazukus, ingawa ma- tayari ni kiambishi cha wingi.