Kwa Nini Kigari cha Pembeni Hakikushika Tanga

Mtu anayetaka kuanza kuendesha chombo cha magurudumu matatu jijini Tanga hana haja ya kuumiza kichwa. Akitaka kubeba watu ataonyeshwa bajaji, akitaka kubeba mizigo ataonyeshwa guta. Pikipiki yenye kigari cha pembeni, ile ambayo abiria hukaa ubavuni mwa dereva juu ya gurudumu la tatu, wengi wameiona kwenye filamu za vita vya Hitler tu. Jambo hili linahitaji maelezo. Ufilipino, hadi leo, pikipiki za aina hiyo ndizo teksi za mitaani, na Kuba zinabeba familia nzima mchana kutwa. Tanga nayo ilikuwa na kila sababu ya kuzipokea: mji ni tambarare, mitaa ya Ngamiani imenyooka na kupewa namba, na Waingereza, mabingwa wa vigari hivyo duniani, waliushika mji huu kuanzia Julai 1916 hadi uhuru. Jibu linalotolewa haraka ni umaskini. Silikubali, kwa sababu Mfilipino na Mkuba wa kipato cha chini ndio hasa walioufanya ubavu wa pikipiki kuwa kiti cha abiria. Kigari hakikushindwa Tanga kwa ubaya wake. Kilikosa wakati: kilipokuwapo sokoni hakikuwa na mnunuzi, na mnunuzi alipopatikana, chombo kingine kilikuwa kimeshafika.

Lazima tuanze na mkonge, maana Tanga ya leo imesimama juu yake. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyosalimika ni 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea Usambara, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mpango mzima wa usafiri ukafuata matakwa ya zao. Ndani ya mashamba, majani yalipakiwa kwenye toroli juu ya reli nyembamba hadi kwenye korona, mtambo wa kutoa nyuzi za mkonge, na singa zilizokauka zikapanda treni hadi bandarini. Mzigo mkubwa ulikuwa na chuma chake. Aliyeukata huo mkonge, manamba aliyeletwa kutoka mbali kwa mkataba, alikuwa na miguu yake. Pengo lililobaki katikati lilikuwa la mtu mmoja na furushi lake, kutoka kambini hadi dukani, kutoka Pongwe hadi sokoni, kupitia njia ya miguu yenye upana wa mtu na jembe lake begani. Kwa njia ya namna hiyo chombo kinachofaa ni kile ambacho magurudumu yake yanafuatana mstari mmoja. Baiskeli ikaingia hapo na haikutoka.

Mtu anaweza kuuliza: kama Waingereza walikuwa na vigari, mbona hawakuvileta? Walijua faida yake hata vitani. Mwaka 1914 jeshi lao liliunda kikosi maalumu cha bunduki za rashasha zilizofungwa kwenye pikipiki za aina hiyo. Lakini vita ya Afrika Mashariki, ambayo kwa upande wetu inakumbukwa zaidi kwa nyuki waliowavamia askari Tanga mwezi Novemba mwaka huo, ilibebwa vichwani mwa wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa. Baada ya vita tatizo lilikuwa la kitabaka. Kule Uingereza, kigari cha pembeni kilinunuliwa na fundi wa kiwandani mwenye mke na watoto, asiyemudu motokaa lakini mwenye mshahara wa kununua zaidi ya baiskeli. Kampuni kama Watsonian, iliyoanza 1912, ilimtegemea mtu huyo, na motokaa ndogo ya Mini ilipotoka mwaka 1959 mteja akahama, biashara ikaporomoka. Tanga ya mkoloni haikuwa na mtu wa ngazi hiyo ya kati. Meneja wa Kiingereza na Mgiriki mwenye shamba walikuwa na gari. Karani na fundi Mwafrika, hata wale waliohesabiwa kuwa na nafuu, mshahara wao uliishia kwenye baiskeli. Ngazi ambayo Uingereza ilijazwa na kigari, hapa ilikuwa tupu, na utupu huo haukuletwa na uvivu wala ujinga wa mtu. Ulipangwa na viwango vya mishahara vya serikali na mashamba.

Baiskeli basi ikawa na miongo mingi ya kuufundisha mji namna ya kubeba. Sifa ya Tanga kuwa mji wa baiskeli si ya kujisifu bure: ni mahali ambapo mwanamke aliyevaa baibui hupita akikanyaga pedeli na hakuna anayegeuza shingo, jambo ambalo miji mingi ya pwani haijalizoea. Keria ya nyuma ndiyo iliyokuwa gari la mizigo. Tenga la samaki hufungwa juu yake kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu kuukuu, ukavutwa hadi ukalia, ukapitishwa chini ya keria na kurudishwa juu mara mbili. Gunia la mkaa husimamishwa wima, madumu ya maji huning'inizwa mawili kila upande ili mizani isipotee. Mwili wa mwendeshaji umezoea kwamba mzigo unakaa nyuma yake, katikati, na kwamba chombo kinalala kinapokata kona. Pikipiki ilipokuja ilirithi mazoea hayo yote bila mtu kuambiwa. Ng'ambo ya bahari, Unguja, Vespa ilipendwa tangu zamani, na Italia yenyewe iliziuza pia zenye kigari. Lakini Unguja nayo abiria alikaa nyuma. Pwani yote hii ilishaamua abiria yuko wapi.

Hata hivyo mazoea peke yake hayatoshi kuwa sababu, kwani Wafilipino nao walikuwa na baiskeli. Tofauti ni miaka. Wakati mafundi wao wa kuchomelea walipokuwa wakiunganisha mabodi ya bati kwenye pikipiki za Kijapani, Tanzania ilikuwa inapita kwenye dhiki. Mkonge, uliofikia kilele cha tani 230,000 hivi mwaka 1964, ulishuka bei baada ya nyuzi za plastiki kuenea, fedha za kigeni zikakauka, na vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ikamaliza akiba. Katika miaka hiyo kupata tairi la baiskeli lilikuwa suala la kujuana na mtu. Nani angezungumzia pikipiki, sembuse kigari chake? Bajeti ya 1984 ilipowaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, mlango ulianza kufunguka, lakini pikipiki ya bei ya mtu wa kawaida ilikuja na Wachina na Wahindi miaka ya 2000. Na hapo ndipo kigari kilipokwama kabisa, kwa sababu bajaji nayo iliingia kwa wingi muongo huohuo. Wahindi walikuwa wameanza kutengeneza chombo hicho kwa leseni ya Piaggio ya Italia karibu na mwaka 1960. Kilipotufikia kilikuwa na takriban miaka 40 ya marekebisho, vipuri tele, paa, na kiti cha watu watatu. Serikali ilipotoa kanuni za leseni za usafirishaji mwaka 2010, ziliandikwa kwa ajili ya pikipiki na bajaji. Bodaboda akapewa abiria mmoja, mshikaki, yaani kupakia zaidi ya mmoja, ukawa kosa, na anayetaka kubeba zaidi akaambiwa apande ngazi hadi bajaji. Nafasi ya kigari haikubaki.

Kuna pingamizi zito zaidi: kwamba kigari hakikuja kwa sababu barabara za huku hazikifai. Lina ukweli nusu. Kwenye barabara ya vumbi iliyochimbwa na malori, pikipiki hufuata mfereji mmoja wa tairi, na gurudumu la kigari, kwa kuwa upana wake haufikii wa gari, hupanda tuta la katikati na kukiinamisha chombo kizima. Lakini gurudumu la mbele la bajaji hupita juu ya tuta hilohilo, na bajaji haijakataliwa. Malawi, nchi yenye njia mbovu kama zetu, ilijaribu pikipiki zenye kitanda cha mgonjwa ubavuni katika wilaya ya Mangochi mwanzoni mwa miaka ya 2000; wajawazito waliopata matatizo walifika hospitali saa kadhaa mapema, na bei ya chombo ilikuwa chini ya ile ya gari la wagonjwa mara 19. Serikali yetu nayo mwaka 2010 ilitangaza kununua mamia ya pikipiki za wagonjwa za magurudumu matatu, na wananchi wakaziita bajaji papo hapo, wengine wakizicheka. Kicheko hicho ni ushahidi tosha: kufikia mwaka huo, akilini mwa Mtanzania magurudumu matatu yalikuwa na jina moja tu.

Kwa mwendeshaji mgeni, historia hii ina matokeo ya vitendo. Mafundi wa Tanga wanaijua bajaji kwa kuisikiliza tu, na hakuna kizazi cha mafundi kilichofundishwa kupanga kigari kilingane na pikipiki yake. Kigari kina tabia zake: kikiwa kushoto, ukivuta mafuta chombo huvuta kushoto, ukifunga breki huvuta kulia, na ukikata kona ya kushoto kwa kasi gurudumu la kigari hunyanyuka. Mzoefu wa bodaboda ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu mwili wake unataka kulaza chombo kisicholala. Anayetafuta riziki achukue bajaji, asijisumbue. Anayekitaka kigari kwa mapenzi yake ahakikishe kwanza kimefungwa upande wa kushoto, kwani pikipiki za Kirusi za Ural na za zamani za jeshi la Ujerumani zina kigari kulia, kwa nchi zinazoendesha kulia, na hapa zitamweka abiria upande wa magari yanayokuja. Kisha aweke kiroba cha mchanga ndani ya kigari kitupu, ajifunze kwanza kwenye uwanja wa wazi, na asipakie mtu hadi mikono yake iache kubishana na usukani.