Nyuki Mpakani mwa Shamba

Msimu wa mahindi, nyanya yangu hakulala kitandani. Alikesha kwenye dungu la shamba letu, Taita, akiwa na debe tupu na rungu. Aliposikia matawi yakivunjika, alipiga debe mpaka mikono ikafa ganzi. Asubuhi tulihesabu mabua yaliyosalia.

Nilipoanza shahada ya uzamili, niliamua kufuata historia ya swali lake: unamfukuzaje ndovu bila yeye kukuua, wala wewe kumuua?

Jibu halikuanzia chuoni. Wenyeji wengi walijua kuwa ndovu hukwepa mti wenye mzinga. Mwaka 2002, Fritz Vollrath na Iain Douglas-Hamilton waliandika kuhusu jambo hilo baada ya kulichunguza Laikipia. Lucy King, mtaalamu wa wanyama aliyesomea Oxford, akalifanya kazi ya maisha yake. Huko Samburu na Buffalo Springs aliwategea ndovu spika zenye mvumo wa nyuki. Kati ya familia 17, 16 ziliondoka ndani ya sekunde 80. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007. Ngozi ya ndovu ni nene, lakini nyuki hulenga macho na ndani ya mkonga.

Kisha ukaja ua: mizinga inaning'inia kila mita 10, imeunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Jaribio lilianzia Laikipia, baadaye likafika Sagalla, kando ya Tsavo Mashariki, karibu na kwetu. Mkulima anapata na asali.

Nilimsimulia nyanya haya yote. Alinyamaza, kisha akauliza, "Na mvua isiponyesha, mjukuu wangu, hao nyuki watakula nini?"

Swali hilo King mwenyewe na wenzake walilipima Sagalla kwa miaka tisa. Katika misimu ya mazao, ua ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Lakini ukame wa 2017 ulipunguza mizinga yenye nyuki kwa asilimia 75, na athari zake zikaendelea miaka kadhaa.

Nyanya hajakataa mizinga. Amesema nimwombee nafasi akiwa bado na nguvu. Ila debe lake bado limetundikwa kwenye msumari, nyuma ya mlango.