BARAZA LA MWEZI MWANDAMO KATIKA MILIMA YA KARAGWE

Kuwakusanya watu katika nchi tambarare ni kazi. Kuwakusanya katika nchi ya milima ni kazi maradufu. Asimamaye juu ya mgongo mmoja wa vilima vya Nyabiyonza, katika Wilaya ya Karagwe, huona moshi wa jiko ng'ambo ya pili akadhani kwamba atafika kabla chakula hakijaiva. Kumbe kati yake na moshi ule kuna mteremko, kinamasi, na mpando mwingine. Njia inayofuata migongo huwa ndefu lakini kavu. Ile inayokata bonde huwa fupi, na masika huimeza. Basi yeyote aliyetaka kuitisha mkutano katika nchi hii alilazimika kujua mambo mengi kabla ya kumwita mtu wa kwanza.

Wanaoandika juu ya utamaduni wetu aghalabu hutueleza ngoma, mavazi, ngano na miiko. Ni nadra kusoma jinsi wazee walivyopanga mikutano yao: siku ilijulikanaje, nani alilisha wageni, nani alitangulia kuingia na nani alikaa nje. Sisi twaona kwamba mambo hayo yana historia yake, na kwamba Karagwe ni mahali pazuri pa kuitafuta.

Ufalme wa Karagwe ulikuwa chini ya ukoo wa Wahinda, na mtawala wake aliitwa Omukama. Katika karne ya 19 ikulu ilikuwa Bweranyange, juu ya ziwa dogo lililozungukwa na vilima vyenye majani mafupi. Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, walifika huko mwezi wa Novemba 1861, wakapokewa na Omukama Rumanyika. Speke aliipenda sana mandhari ile hata akalipa ziwa jina la ziwa mojawapo la kwao, Windermere, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Siku nyingine, akiwa juu ya kilima, aliona upande wa magharibi vilele vya milima ya Virunga, mbali ndani ya Rwanda. Maandishi yake yasomwe kwa hadhari, maana alikuwa mwepisi wa kucheka asichokielewa. Hata hivyo jicho lake lilikuwa kali, na baraza tunalotaka kulieleza alilishuhudia mwenyewe.

Baraza hilo lilifanyika mara moja kila mwezi, mwezi ulipoandama. Hapo pana busara kubwa ya mpangaji. Katika nchi isiyokuwa na kalenda ya karatasi, mwaliko mmoja uliotundikwa mbinguni uliweza kusomwa na kila mkuu wa sehemu, awe karibu na ikulu au kando ya mto Kagera. Hakuna tarishi aliyepotea njia, wala hakuna aliyeweza kusema kwamba hakupata habari. Lakini mwezi mchanga hautoi mwanga wa kumrudisha mtu nyumbani usiku. Atokaye mbali ilimpasa asafiri mchana na apate pa kulala, na kwa hiyo kila baraza lilikuwa pia suala la malazi na chakula.

Siku yenyewe, wageni walipoingia ua wa ikulu, walikuta ngoma 35 zimepangwa chini, na nyuma ya kila ngoma amesimama mpigaji wake. Vijana wa ukoo wa mfalme na wakuu wenye vyeo walisubiri kuwapeleka hadi ua wa tatu. Huko Rumanyika alikuwa ameketi chini mlangoni mwa nyumba yake kubwa, nusu amefichika, huku akitabasamu. Kichwani alivaa taji la ushanga lenye kishada cha manyoya mekundu juu ya paji la uso, na usoni ndevu nyeupe zilizoshikwa na ukanda wa ushanga. Nduguye Nnanaji ndiye aliyekuwa msimamizi wa shughuli, naye aliwaonyesha watu mahali pa kukaa. Ngoma zote 35 zikapigwa kwa pamoja, na Speke, ambaye si mwepesi wa kutusifu, alikiri kwamba zilipatana vizuri. Zilipotulia zikaingia ngoma ndogo za mkono na ala za matete.

Kisha wakaja wakuu wa sehemu, mmoja mmoja. Walinyatia kwa ncha za vidole, wakasimama, wakatetemesha miili, wakaruka mbele mikono imetanuliwa, kila mmoja na fimbo yake. Waliapa kwa sauti kubwa kwamba wao ni watiifu, na kwamba wakiwakimbia adui za mfalme basi akatwe kichwa atakayefanya hivyo. Wakapiga magoti na kunyosha fimbo zao ili mfalme aziguse.

Mgeni aliona mchezo. Sisi twaona hesabu. Speke mwenyewe aliambiwa kwamba shabaha ya baraza hilo ilikuwa kujua ni raia wangapi waliobaki waaminifu, na Rumanyika alikuwa na sababu ya kuhesabu. Alipofariki baba yake, Ndagara, wana watatu waligombea kiti: Rumanyika, Nnanaji na Rogero. Habari aliyoisimulia Rumanyika ni kwamba wakuu wa nchi waliweka mbele yao ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya, lakini iliyotiwa dawa hata ikamlemea kila asiyestahili kutawala. Ndugu zake walihangaika bure. Yeye akaiinua kwa kidole kidogo. Ngoma iliamua, lakini Rogero hakukubali uamuzi wake. Vita vikafuata, na miongoni mwa waliomsaidia Rumanyika alikuwapo Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekaa Tabora. Mwaka 1861 Rogero alikuwa bado hai na bado anaogopwa, hata mfalme akamwomba mgeni wake dawa ya kumwua. Mtawala wa namna hiyo, aliyetenganishwa na watu wake na mabonde mengi, hawezi kukaa miezi sita bila kujua ni nani angali upande wake. Mkuu wa sehemu ambaye hakutokea mwezi ulipoandama alikuwa amekwisha kusema neno lake.

Tumesema juu ya chakula. Speke na Grant walipovuka mpaka wa Karagwe walishangaa kuona kwamba hawatozwi hongo kama walivyotozwa njia nzima. Wakuu wa vijiji walikuwa wameamriwa kuwapa chakula kwa gharama ya mfalme. Ukarimu huo umesifiwa sana vitabuni, nao wastahili sifa. Lakini gharama ya mfalme ilitoka wapi? Mfalme hakulima migomba. Ndizi zilitoka katika mashamba ya wakulima wa vijijini, na mbuzi na kuku waliletwa na watu ambao majina yao hayakuandikwa na mtu yeyote. Wao hawakunyoshewa mkono ua wa tatu. Mwanafunzi asomapo habari za ngoma 35 na azitafute pia nyayo za waliobeba mikungu kupanda mlima.

Wala tusidanganyane kwamba baraza hili lilikuwa bunge. Wako waandishi, hasa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, waliotaka kuona katika kila mkusanyiko wa wazee watu waliokaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana. Mikusanyiko ya namna hiyo ilikuwako Afrika. Katika baraza la Bweranyange alilolieleza Speke, hata hivyo, kilichotamkwa na wakuu kilikuwa kiapo. Kila kitu kilipangwa kwa ustadi, isipokuwa nafasi ya mtu kusema asichotaka mfalme kukisikia.

Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya watemi. Februari ya mwaka huo huo, mjini Moshi, chini ya Kilimanjaro, ulifanyika mkutano wa tatu wa Mshikamano wa Watu wa Afrika na Asia. Tangu hapo nchi yetu imezoea kuwapandisha wageni wake milimani. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na Azimio likatangazwa Februari 5. Mji huo ukawa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, majengo yake makubwa matatu, yaliyopewa majina ya Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, hayakuachwa kuwa magofu: mwaka 1978 yakawa Kituo cha Kimataifa cha Mikutano.

Katika mji huo Serikali ya Rwanda na wapinzani wake wa RPF walitia sahihi mapatano ya amani tarehe 4 Agosti 1993. Sahihi hizo hazikudumu. Aprili 6, 1994, Rais Habyarimana aliuawa ndege yake ilipotunguliwa mjini Kigali, akitoka katika mkutano wa viongozi uliofanyika Dar es Salaam, na mauaji ya kimbari yakaanza. Watu waliotoka nchi ile ambayo vilele vyake Speke aliviona kutoka Karagwe waliingia Mkoa wa Kagera kwa mamia ya maelfu, Ngara na Karagwe yenyewe. Mkusanyiko huo hakuna aliyeupanga, na ulihitaji maji, kuni na chakula kila siku; vilima vikakatwa miti. Kambi zilidumu hadi Desemba 1996.

Wakati huo Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai ya Rwanda ilikuwa imekwisha kupewa vyumba katika kituo kile kile cha Arusha, na ilikaa huko hadi mwisho wa mwaka 2015. Mashahidi walisafirishwa kutoka Rwanda na kwingineko, wakapewa mahali pa kulala na wakalimani, na wengi wao walitajwa kwa herufi tu ili majina yao yasijulikane. Waliingia mmoja mmoja, wakaapa, kisha wakaulizwa waliona nini. Na waliyoyasema yakaandikwa.