Tanga Limeshiba

Kutoka Buguruni hadi bandarini ni kilomita chache, lakini nilipanda boti ya Zanzibar kwa mara ya kwanza nikiwa nasoma shahada ya uzamili. Kwetu maji yalikuwa ni Mto Msimbazi, na Desemba 2011 mafuriko yaliua watu. Mama hakuona sababu ya mtoto wake kulipa nauli kuyafuata maji mengine.

Halafu upepo wenyewe ulishagawanywa. Waingereza waliitenga Oyster Bay, penye hewa ya bahari, iwe ya Wazungu. Waafrika wakapangiwa Kariakoo na Ilala. Na hii ni pwani iliyoishi kwa upepo! Kaskazi ilileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Desemba, kisha nahodha akakaa miezi akisubiri kusi imrudishe Maskati. Wengine walioa wakati wa kusubiri. Leo kusi hiyohiyo huwaleta watalii Paje na mbao zao.

Tulikwenda Julai, mimi na wenzangu wa klabu. Wao walisimama juu ya ubao wa tanga siku ya kwanza. Mimi nilianguka kutwa. Mzee mmoja aliyekaa kando ya ngalawa yake alinitazama mpaka akachoka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, tanga limeshiba. Legeza."

Nililegeza. Ubao ukaenda, labda hatua ishirini, kabla ya kunitupa.

Mama sijamwambia bado.