Nani alijenga mtoni? Historia fupi ya ramani za Nairobi

UZI. Mvua ya masika ikizidi, mjadala Nairobi huwa uleule. Upande mmoja: "walijenga mtoni, wajilaumu." Upande wa pili: "serikali inabomolea maskini tu." Pande zote zinaruka swali moja: nani alichora ramani ya mji huu, na alihesabu nini?

Turudi 1899. Reli ilifika hapa mwezi Mei. Wahandisi walitaka ardhi tambarare na maji kabla ya treni kuanza kupanda mlima. Kwamba ni kinamasi, haikuwasumbua sana. Jina lenyewe la Kimaasai linataja maji baridi, yaani onyo lilikuwa kwa jina. 1902 tauni ikaingia, sehemu ya soko la Wahindi ikachomwa. Kufikia 1913 Profesa Simpson, mtaalamu wa afya, alipendekeza watu watenganishwe kwa rangi. Wazungu walikaa juu, upande ambao maji hushuka yakaenda zake. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaoshika maji. Pumwani, mtaa wa kwanza rasmi wa Waafrika, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1920, karibu na mto.

Sasa usiishie kusema "ni mkoloni." Baada ya uhuru mitaa ilikua, lakini kwenye ramani nyingi ikabaki doa tupu. Na mtaa usio kwenye ramani haupangiwi mtaro, haupangiwi barabara ya gari la zimamoto. Ndiyo maana 2009 vijana wa Kibera walitembea vichochoro na vifaa vya GPS wakachora mtaa wao wenyewe. Mradi ukaitwa Map Kibera.

Walichoweka humo ndicho wanasiasa husahau. Ukitaja ramani ya majanga, wengi hufikiria mstari mwekundu kando ya mto, basi. Lakini kupanga huanza na kuuliza mtaa una nini: shule, zahanati, vyoo, vibanda vya maji, madaraja ya miguu, msikiti wenye sakafu iliyoinuka, chama kinachoweza kuchanga usiku mmoja, mhudumu wa afya anayejua ni mzee gani hawezi kutembea. Halafu kila kitu unakiuliza tena: maji yakija, hiki kitasimama? Zahanati iliyo bondeni ni mali na ni udhaifu kwa wakati mmoja. Daraja likiwa moja, pia.

2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Kaya karibu 100,000, na wakazi wakakaa kwenye vikundi kujadili mitaro na barabara zipite wapi. Polepole, yes, na kelele zilikuwa nyingi. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kuulizwa na kuamshwa na tingatinga.

Masika ya 2024 karibu watu 300 walifariki nchini. Mathare na Mukuru nyumba za kando ya mto zikabomolewa, familia zikaahidiwa shilingi 10,000 za kuhama. Na karibu na Mai Mahiu, usiku, maji yaliyofagia watu hayakutoka kwa bwawa kama tulivyoambiwa mwanzo. Maafisa wa maji walisema njia ya maji chini ya reli ya zamani iliziba, maji yakajaa nyuma ya tuta mpaka likapasuka. Hao watu hawakuwa wamejenga mtoni hivyo. Hatari ilikuwa juu yao, mahali ambapo ramani ya "kingo za mto" haifiki.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaweka majanga kwa serikali kuu na pia kwa kaunti. Kwa hivyo kila upande una mahali pa kurushia lawama, hahaha. Lakini mpango wa kaunti wa miaka 5 lazima upite kwa vikao vya umma. Kwenye kikao cha wodi yenu, kuna aliyewahi kuonyesha ramani ya mali na hatari za mtaa? Kama ipo, weka picha hapa chini.