Huru Si Bure: Kuanzishwa kwa Chuo Kikuu Huru cha Kongo mjini Kisangani, 1963–1971

Utangulizi

Mwaka 1963 makanisa ya Kiprotestanti ya Kongo yalifungua chuo kikuu katika mji wa Stanleyville, ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Kisangani na ambao leo ni makao makuu ya jimbo la Tshopo. Kwa Kifaransa chuo hicho kiliitwa Université libre du Congo, yaani Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Kilidumu kwa jina hilo kwa miaka minane tu. Kwa sababu hiyo, katika historia ya elimu ya juu nchini, mara nyingi hutajwa kwa sentensi moja, baada ya Lovanium na chuo cha Elisabethville, kana kwamba kilikuwa mdogo wa mwisho aliyezaliwa kwa bahati tu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba chuo hicho hakikuzaliwa kwa bahati. Kilikuwa jibu la shule za vijijini ambazo kwa muda mrefu ziliwekwa nje ya mlango wa elimu iliyotambuliwa na serikali. Aidha, makala yanalichunguza jina lenyewe, kwani neno “huru” lilibeba maana zaidi ya moja, na katika mvutano wa maana hizo ndimo lilimofichwa suala lililoamua mwisho wa chuo: ni nani aliyepaswa kugharimia masomo ya mtoto wa maskini?

Shule za mtoni na za msituni

Kituo cha Maporomoko ya Stanley kilianzishwa na Stanley mnamo Desemba 1883. Mwaka 1887 Tippu Tip alifanywa liwali wa mahali hapo kwa niaba ya Mfalme Leopold II, na kwa hiyo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika huko kabla shule za wamisionari hazijaota mizizi. George Grenfell wa Shirika la Misioni la Wabaptisti wa Uingereza alifika kwenye maporomoko hayo kwa meli yake, Peace, mwishoni mwa mwaka 1884. Katika miaka ya 1890 shirika hilo lilianzisha kituo cha Yakusu, kilomita zipatazo 20 chini ya maporomoko, katika nchi ya Walokele, watu wa uvuvi na biashara ya mtoni. Mwaka 1897 mapadri wa Moyo Mtakatifu, wakiongozwa na Gabriel Grison, walifika na kuanzisha misioni yao ya Kikatoliki karibu na mji.

Yakusu haikuwa kanisa tu. Ilikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na mwaka 1903 kitabu cha W. H. Stapleton cha kulinganisha lugha za Kongo kilitolewa hapo. Kuanzia mwaka 1920 daktari Clement Chesterman aliiendeleza hospitali, akapambana na ugonjwa wa malale na kuwafundisha vijana kazi ya uuguzi. Kutoka kituoni walimu-wainjilisti walitawanywa vijijini. Huko, chini ya paa la majani, watoto walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa lugha waliyozaliwa nayo, yaani Kilokele.

Upande wa mashariki na kaskazini mashirika mengine ya Kiprotestanti yalifanya kazi ya namna hiyo. Africa Inland Mission ilifika mwaka 1912. C. T. Studd aliingia nchini mwaka 1913, na alifariki Ibambi mwaka 1931. Shule za mashirika hayo zilikuwa za vijijini hasa, mbali na ofisi za serikali na mbali na reli. Aliyesoma humo alikuwa mtoto wa mkulima, mvuvi au mwindaji, ambaye wazazi wake hawakuwa na mshahara wowote.

Mlango uliofungwa

Haiwezekani kuelewa kuanzishwa kwa chuo cha mwaka 1963 bila kuangalia siasa ya ruzuku. Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo ilitia sahihi mkataba na Vatikani. Kwa mkataba huo misioni za Kikatoliki zilipewa ardhi, nazo zikaahidi kufungua shule. Katika miaka ya 1925 na 1926 utaratibu mpya uliwekwa, ambao kwa huo serikali ya ukoloni ililipa ruzuku kwa shule za misioni zilizoitwa “za kitaifa”. Kwa maneno hayo ilikusudiwa misioni za Kibelgiji, nazo kwa vitendo zilikuwa za Kikatoliki. Misioni za Kiprotestanti, zilizotoka hasa Uingereza, Marekani na Skandinavia, zilihesabiwa kuwa za kigeni. Ziliruhusiwa kufundisha, lakini kwa gharama zao wenyewe.

Matokeo ya utaratibu huo hayakuwaangukia wamisionari peke yao. Yaliwaangukia zaidi wanafunzi. Shule isiyokuwa na ruzuku haikuweza kuajiri walimu wengi wenye sifa, wala kujenga mabweni, wala kuanzisha masomo ya sekondari. Kijana wa shule ya Kiprotestanti angeweza kuwa mwalimu wa kijiji au muuguzi. Kupanda juu zaidi kulikuwa kugumu, hata kama alikuwa na akili nyingi kuliko wenzake. Hivyo tofauti ya dhehebu, ambayo kijana hakuichagua, iligeuka kuwa tofauti ya bahati katika maisha.

Mwaka 1946 Robert Godding, waziri wa makoloni, aliamua kwamba misioni za Kiprotestanti nazo zipewe ruzuku, na uamuzi huo ulianza kutekelezwa mwaka 1948. Hata hivyo, muda uliopotea ulikuwa zaidi ya miaka ishirini. Chuo kikuu cha Lovanium, cha Kikatoliki, kilifunguliwa Léopoldville mwaka 1954. Chuo kikuu cha serikali kilifuata Elisabethville mwaka 1956. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, idadi ya Wakongo waliokuwa wamehitimu chuo kikuu haikufika 30. Waprotestanti hawakuwa na chuo kikuu chochote.

Kwa nini Stanleyville?

Sababu ya kuchagua Stanleyville yaweza kuonekana kwenye ramani. Magharibi kulikuwa na Lovanium. Kusini kulikuwa na Elisabethville. Kaskazini-mashariki yote ilikuwa tupu. Kijana wa Yakusu, wa Ibambi au wa Ituri aliyetaka kusoma alipaswa kusafiri siku nyingi, na safari yenyewe ilikuwa gharama iliyoishinda familia yake. Katika eneo hilohilo Waprotestanti walikuwa na vituo vingi vya zamani. Tena Stanleyville ulikuwa mji wenye uzito wa kisiasa: Patrice Lumumba, mwana wa kijiji cha Onalua aliyepata masomo yake ya kwanza katika shule za misioni, aliwahi kufanya kazi ya karani wa posta mjini humo, na hapo ndipo chama chake kilipopata nguvu kubwa.

Kwa hiyo chuo kilichofunguliwa mwaka 1963 kilipelekwa kwa makusudi karibu na wale waliokuwa mbali. Inafaa kukiri, lakini, kwamba ukaribu huo haukuwafikia wote. Wasichana walikuwa wamebaki nyuma nchini kote. Sophie Kanza, mwanamke wa kwanza wa Kongo kuhitimu chuo kikuu, alipata shahada yake Lovanium mwaka 1964 tu.

Maana tatu za neno moja

Neno la Kifaransa “libre” lilikuwa na historia yake huko Ubelgiji. Chuo kikuu cha Bruxelles, kilichoanzishwa mwaka 1834, kilijiita huru kwa maana ya uhuru wa kufikiri, yaani bila kutawaliwa na kanisa. Lakini Wabelgiji haohao huita “elimu huru” ile isiyokuwa ya serikali, na sehemu kubwa ya elimu hiyo ni ya Kikatoliki. Neno moja, basi, lilitumiwa na pande mbili zilizopingana: kwa upande mmoja lilimaanisha kutokuwa chini ya kanisa, kwa upande mwingine kutokuwa chini ya serikali.

Waprotestanti wa Kongo walilichukua neno hilo na kulipa nafasi ya tatu. Chuo chao hakikuwa cha serikali, wala hakikuwa cha dhehebu moja, kwani makanisa yaliyokiunga mkono yalikuwa mengi na yenye mapokeo tofauti. Kwa watu waliokwisha kuitwa “wageni” kwa miongo miwili, kujiita huru kulikuwa pia kutangaza kwamba hawakuhitaji kibali cha mtu ili kuelimisha watoto wao.

Kiswahili kinasaidia kuona jambo ambalo Kifaransa kinaweza kulificha. Mswahili hutofautisha “huru” na “bure”. Aliye huru hatawaliwi. Kilicho bure hakilipiwi. Chuo cha Stanleyville kilikuwa huru, lakini hakikuweza kuwa bure. Walimu walihitaji mishahara, maabara zilihitaji vyombo, wanafunzi walihitaji chakula na malazi. Waumini wa vijijini, ambao ndio waliokuwa na haja kubwa ya chuo hicho, ndio waliokuwa na uwezo mdogo kabisa wa kukilipia. Fedha zilipaswa kutoka kwingine: kwa makanisa ya ng'ambo na kwa serikali. Naye akulipiaye ana neno la kusema nyumbani mwako.

Ngazi ya lugha

Gharama nyingine ililipwa kwa lugha. Mtoto wa Mlokele alianza kusoma kwa Kilokele. Alipokwenda mjini alikuta lugha mbili kubwa: Kiswahili kilichoshuka kutoka mashariki na Kilingala kilichopanda mto pamoja na meli na askari. Kisangani ni mahali lugha hizo mbili zinapokutana, na wakazi wengi huzitumia zote mbili. Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya hizo iliyomfungulia mlango wa chuo kikuu. Mlango huo ulifunguliwa kwa Kifaransa, lugha ambayo mtoto wa karani wa mjini aliisikia mapema, na mtoto wa mvuvi aliikuta darasani tu.

Katika jambo hili kazi ya John Carrington inastahili kutajwa. Mwingereza huyo alifika Kongo mwaka 1938, akafanya kazi Yakusu na baadaye akafundisha katika chuo kikuu cha Kisangani. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma za Afrika alieleza jinsi ngoma ya Walokele inavyofuata toni za juu na za chini za usemi, na jinsi neno fupi linavyorefushwa kuwa kifungu kizima ili lisichanganywe na jingine lenye toni zilezile. Kwa maneno mengine, yale ambayo kijana wa kijijini aliyaacha nyuma alipoingia darasani yalikuwa elimu kamili, yenye kanuni zake, inayostahili kuchunguzwa katika chuo kikuu. Chuo kilichojengwa kwa ajili ya watu wa vijijini kilikuwa na deni la kuzichunguza lugha zao.

Vita, kurudi na kutaifishwa

Chuo hakikupata muda wa kutulia. Mwanzoni mwa Agosti 1964 wapiganaji wa Simba waliuteka mji. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka mjini, na siku hiyo watu wengi waliuawa, akiwemo daktari mmisionari Paul Carlson. Masomo yalihamishiwa Léopoldville kwa muda. Maasi ya askari yalitokea tena mjini mwaka 1966 na mwaka 1967. Baada ya hali kutulia, chuo kiliendelea na kazi yake mjini Kisangani. Ingekuwa rahisi zaidi kubaki katika mji mkuu, palipokuwa na usalama na fedha. Kurudi kulithibitisha kwamba mahali penyewe palikuwa sehemu ya kusudi la waanzilishi.

Kile ambacho vita havikukiweza kilifanywa na amri. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi walioandamana Kinshasa walipigwa risasi. Mwezi Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu. Mwezi Agosti mwaka huohuo serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vitatu kuwa kimoja, chuo kikuu cha taifa kilichojulikana baadaye kama UNAZA. Kisangani kikawa tawi. Vitivo viligawanywa upya: masomo ya fasihi na lugha yalipelekwa Lubumbashi, na Kisangani ikajulikana hasa kwa saikolojia, ualimu na sayansi. Teolojia ya Kiprotestanti ilitolewa katika chuo cha taifa baadaye, ikaendelea Kinshasa, na kutokana nayo kikakua Chuo Kikuu cha Kiprotestanti cha Kongo.

Mwaka 1981 UNAZA iligawanywa, na Kisangani ikapata chuo kikuu chenye utawala wake. Chuo hicho kilipita katika vita vya siku sita vya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji, na bado kinafundisha.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Chuo Kikuu Huru cha Kongo kilikuwa tunda la shule za vijijini zilizonyimwa ruzuku, na kwamba kuwekwa kwake Stanleyville kulikuwa uamuzi wa kuwasogezea elimu watu waliokuwa mbali nayo. Jina lake lilipotea mwaka 1971, na pamoja nalo mamlaka ya makanisa yaliyokianzisha. Lakini mahali pake hapakupotea. Kama Waprotestanti wasingefungua chuo huko mwaka 1963, ni vigumu kuona ni kwa sababu gani serikali ya mwaka 1971 ingeipa Kisangani moja ya nafasi tatu za elimu ya juu.

Yapo mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni lugha: masomo ya lugha yalihamishwa kutoka katika mji ambao Kiswahili, Kilingala na lugha za mtoni hukutana kila siku sokoni, na hasara hiyo yafaa kufidiwa. La pili ni lile lililofichwa tangu mwanzo ndani ya jina. Waanzilishi waliweza kukifanya chuo kuwa huru, wakashindwa kukifanya kuwa bure. Serikali iliyokichukua iliuondoa uhuru huo, na ubure wenyewe haukudumu. Kijana anayetoka leo katika vijiji vya Yakusu anakisogelea chuo kikuu kwa kilomita zilezile 20, na swali linalomngoja mlangoni ni lilelile lililowangoja babu zake: nani atalipa?