Daraja la uso: herufi za tripleksi ya mbetula

Tripleksi ni bamba la matabaka membamba ya mbao yaliyogandishwa kwa gundi, nyuzi za kila tabaka zikikatana na zile za tabaka lililo chini yake. Kukatana huko ndiko kunakolizuia bamba kupasuka kwa urefu kama ubao wa msumeno, na kulizuia lisitanuke na kusinyaa sana majira yanapobadilika. Tanzania na Kenya bamba hili huitwa plaiwudi. Goma, mji wa Kivu nchini Kongo, hufuata jina la tripleksi, lililoingia huko pamoja na Kifaransa cha Wabelgiji, ambalo kwa asili lina maana ya kitu chenye mikunjo mitatu. Jina linalifaa bamba la dari la milimita 4, kwa kuwa lina matabaka matatu kweli. Kwa bamba nene ni jina la mazoea tu.

Mbetula ni mti wa nchi za baridi wenye gome jeupe, unaomea Ufini, Latvia, Estonia, Urusi na kwingineko kaskazini ya dunia. Katika misitu ya Kivu haupo. Jina lake la Kiswahili limetokana na Kilatini, betula, likapewa kiambishi cha miti kama mvule na mkaratusi: mbetula mmoja, mibetula miwili. Mbao zake ni nzito, nyeupe na laini kwa macho. Tabaka moja la tripleksi ya mbetula huwa na unene wa karibu milimita 1.4, hivyo bamba la milimita 12 lina matabaka 9 na la milimita 18 lina 13. Wingi huo wa matabaka membamba ndio unaolipa bamba sifa ya kushika skrubu hadi ukingoni, na ndio unaofanya ukingo wake, ukipigwa msasa, uachwe wazi kama pambo.

Mabamba haya huuzwa kwa herufi zinazokwenda mbili mbili, kwa mfano B/BB au BB/CP. Herufi za kwanza ni za uso, yaani upande utakaoonekana, na zinazofuata mkwaju ni za mgongo. Katika mabamba ya nchi za Baltiki, B ni uso wa kipande kimoja, wenye rangi moja, usio na kiraka. Vijicho vidogo vya mbao (mafundo ya matawi) tu ndivyo vinavyovumiliwa. BB nayo ni ya kipande kimoja, ila inaruhusiwa macho madogo yaliyoshikamana na viraka vichache vyenye umbo la mtumbwi, vilivyozibwa pale jicho bovu lilipotobolewa na mashine. CP haina kikomo cha viraka. Asili yake ni C iliyotiwa viraka: uso wenye matundu na madoa, matundu yakazibwa. C yenyewe huachwa na matundu yake. Wafini wana mpangilio wao wa B, S, BB na WG, ambamo S imekaa kati ya B na BB, na WG ndiyo ya mwisho. Kiwango cha Ulaya, EN 635, kinaacha herufi hizo na kuhesabu kwa namba za Kirumi, kuanzia E ya juu kabisa, kisha I hadi IV.

Herufi hazihami kutoka nchi moja hadi nyingine. Marekani hupanga mabamba ya misonobari kwa A, B, C na D, na B yao si B ya Baltiki. Wana hata bamba liitwalo CDX, ambamo C na D ni nyuso mbili, na X inahusu gundi. Ndani ya neno moja la herufi tatu yamekutana mambo mawili yasiyohusiana, na hapo ndipo tafsiri ya Kiswahili inapojikwaa.

Tafsiri inayokuja haraka ni daraja la ubora, na ni tafsiri inayopotosha. Msomaji wa Tanzania aliyezoea daraja la kwanza la mtihani ataelewa kwamba bamba la daraja la juu limefaulu katika kila somo: nguvu, gundi, uimara dhidi ya maji. Herufi hazisemi lolote katika hayo. Bamba la BB lina nguvu zilezile za bamba la B lililotoka katika kiwanda hichohicho, kwa sababu macho machache juu ya tabaka la nje hayabadilishi sana kazi ya matabaka 13. Kinachopangwa ni sura. Daraja la uso, basi, ndilo jina linalofaa, na pande zote mbili zitajwe: uso BB, mgongo CP. Katika Kifaransa cha biashara ya mbao husemwa chaguo la kwanza na la pili, neno lenye unyofu zaidi, kwa kuwa linakiri kwamba aliyechagua alitumia macho.

Gundi ina mpangilio wake peke yake. Kiwango cha Ulaya EN 314 kina madaraja matatu: la mahali pakavu, la mahali penye unyevu, na la nje. La kwanza hupimwa kwa kulowesha kipande saa 24 katika maji ya kawaida. La tatu huchemshwa saa 4, likaushwe kwa joto la nyuzi 60, kisha lichemshwe tena saa 4. Gundi ya fenoli, inayostahimili mtihani huo, huonekana ukingoni kama mistari ya kahawia iliyokolea. Gundi ya yurea, ya kazi za ndani, haina rangi ya kuonekana.

Tofauti hii kati ya uso na gundi ina uzito wake Majengo, mtaa wa wilaya ya Karisimbi, na kote Goma ambako nyumba za mbao zimekaa juu ya mawe ya volkano. Ardhi ya lava ni ngumu kuchimba msingi, na nyumba ya mbao huweza kubomolewa na kusimamishwa kwingine. Baada ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo wa Januari 2002 watu wengi walijenga hivyo. Ndani ya nyumba hizo tripleksi hupigiliwa kuwa plafo, yaani dari. Bati likivuja, bamba lenye uso mzuri na gundi ya yurea huvimba, tumbo likashuka, tabaka la chini likabanduka. Lenye viraka lililogandishwa kwa fenoli, likipakwa rangi, litabaki mahali pake.

Kwa upande wa uso, basi, B hufaa kwa milango ya kabati na meza zitakazopakwa vanishi tu, S na BB kwa kazi ya rangi na pande za droo, CP kwa sakafu ya chini na mahali patakapofunikwa kwa fomeka (karatasi ngumu ya plastiki), C na WG kwa masanduku ya mizigo. Bamba la kofraji, yaani la kumiminia zege, lenye ngozi ya kahawia inayong'aa, halina haja ya uso mzuri chini ya ngozi hiyo. Linahitaji gundi ya nje na kingo zilizozibwa kwa rangi, maana zege huloweka.

Mabamba ya bei ndogo mara nyingi huvalishwa ngozi nyembamba ya mti mzuri juu ya moyo wa mti mwingine, kama mpopla. Uso wake waweza kustahili B. Ukingo ndio unaosema ukweli: matabaka yahesabiwe, mapengo kati yake yatazamwe, rangi ya mstari wa gundi isomwe. Fundi mwenye mashaka hukata kipande cha upana wa vidole viwili akakichemsha kwenye sufuria nusu siku, kisha akajaribu kukibandua kwa ncha ya kisu.